Vidole Vitatu vya Mzee Koleo

Jina alilopewa na wazazi wake tuliache nyumbani kwao. Kazini, kwenye karakana ya samani, walimwita Chuma, na jina hilo hakulipata kwa hisani ya mtu.

Alianza pale akiwa mfagiaji wa vumbi la mbao, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mchanga na mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali, akaipata, na hukohuko akapata na mke mwingine. Siku mwendeshaji wa msumeno wa mviringo alipoacha kazi, wanaume wa karakana walibaki kutazamana. Kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba mgongo unamsumbua. Msumeno wenyewe ulichomoza katikati ya meza ya chuma, mpana kama sinia, bila kinga yoyote juu yake, maana kinga iliondolewa zamani kwa madai kwamba inachelewesha kazi. Msumeno ukizunguka huoni meno. Unaona ukungu tu, na ukungu huo hupasua mti mgumu kama mtu anayekata sabuni. Chuma, ambaye wakati huo hakuwa Chuma bado, aliegemeza ufagio ukutani akasema, "Nipeni mimi. Kama ni kufa, njaa nayo inaua."

Walicheka. Kisha wakanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshawasha swichi.

Miaka ikapita, watu wakamzoea yeye na msumeno wake kama unavyozoea mlango na bawaba. Alisukuma mbao kwa kiganja kitupu, vidole vikipita pembeni mwa meno kwa nafasi ndogo kabisa, huku amegeuka kumjibu mrandaji wa meza ya pili utani wake. Wateja waliokuja kuagiza makabati walifumba macho. Kile kijiti cha kusukumia mbao, ambacho watu wenye akili hukitumia ili mkono usikaribie meno, yeye alikigeuza cha kukorogea gundi. Woga aliusikia kwa wenzake tu, kama unavyosikia habari za ugonjwa ambao haujawahi kukupata.

Watu walimsifu kwa hilo. Mimi simsifu. Mtu asiyeogopa msumeno si kwamba ni hodari; ni kwamba hajapata bado kitu cha kumfanya avionee uchungu vidole vyake.

Kitu hicho kilikuja siku moja kimefungwa kwenye gunia, kimebebwa na mzee mrefu mwenye kofia iliyochakaa. Alikuwa Mzee Koleo. Kwa watu wa rika la mama yake Chuma, mzee huyo hakuwa mtu wa kuelezwa. Redio ilipiga nyimbo zake kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na hakuna mtu aliyeshika gitaa katika mji ule na miji ya jirani ambaye hakumwiga. Wapigaji wengine hutumia vidole vyote. Koleo alitumia viwili. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene bila haraka, kama mtu anayekwenda zake dukani, na kidole cha shahada kikadonoa nyuzi nyembamba juu na chini, upesi upesi, hata ukadhani kuna watu wawili wanaobishana ndani ya gitaa moja. Vidole vitatu vilivyobaki alivikunja kiganjani, vimekaza kabisa.

Hivyo vitatu ndivyo vilivyowatoa watu jasho. Wapo waliosema kuvikunja kunalipatia gumba uzito. Mwalimu mmoja wa muziki alizungumza redioni muda mrefu juu ya siri ya ngumi ya Koleo. Vijana walikunja vidole mpaka kucha zikawachoma viganja, na aliyevikunjua alichekwa kwamba anapiga kama mtu anayekuna upele.

Gitaa lililokuwa ndani ya gunia lilikuwa limepasuka mgongo. Chuma alilikatia ubao mwembamba, mrandaji akauranda, wakaugandisha. Mzee aliporudi kulichukua, aliketi juu ya rundo la mbao, akalijaribu. Chuma akazima msumeno. Hilo peke yake lilikuwa habari, maana msumeno ule haukuzimwa mchana hata paa lilipovuja mvua.

Alichokisikia hakikuwa furaha. Kilikuwa wivu. Aliitazama mikono yake iliyojaa vumbi, akaona kwamba miaka yote imekuwa ikisukuma tu.

"Babu," alisema, "mtu mzima anaweza kujifunza hicho?"

"Mtu mzima anajifunza. Shida yake ni moja, anajua kuona aibu."

"Mimi sina aibu. Waulize hawa."

"Hana, mzee," mrandaji akadakia. "Hiyo tulishamtafutia tukakosa."

"Basi njoo Jumapili mchana."

Mzee Koleo aliishi peke yake katika chumba nyuma ya duka la fundi baiskeli. Kulikuwa na kitanda, viti viwili visivyolingana urefu, ndoo yenye mfuniko, na dirisha lililotazama ukuta. Kufundisha kwake hakukuwa na maneno. Alimwazima Chuma gitaa kuukuu, akaushika mkono wake wa kulia, akavikunja vile vidole vitatu kimoja kimoja mpaka vikalala kiganjani, kisha akasema, "Haya." Hakusema haya nini. Chuma alipiga, na gumba na kidole vikaenda pamoja kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Mzee akatikisa kichwa. Akapiga tena, mzee akatikisa tena. Somo la kwanza likaishia hapo.

Nyumbani mama yake, ambaye aliishi naye na hakuwahi kukosa la kusema, alimwangalia akiingia na gitaa. "Kelele za kazini hazikukutosha, ukaona utuletee nyingine?" Binti yake, aliyekuwa sasa mwanafunzi mwenye masikio ya kuchagua, alijifunika mto kichwani. Chuma hakujali. Alipiga akisubiri chungu kichemke, akapiga kabla ya kwenda kazini. Alipokuwa hana gitaa, gumba lake lilitembea juu ya paja.

Ikafika Jumapili ambayo gumba lilikubali. Lilijiendea lenyewe, na kidole cha shahada kikabaki huru kusema chake. Hakujua lini lilianza, alishtukia tu kwamba wapo wawili ndani ya gitaa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee Koleo hakucheka, ila alivua kofia akaiweka kitandani, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa kama kupiga makofi.

Asubuhi iliyofuata hofu ikamkuta kazini.

Haikumjia kwa vishindo. Alikuwa amewasha msumeno kama kawaida, ameweka ubao wa kwanza, akasukuma. Mkono ulipokaribia meno, aliuona. Aliuona kama mtu anavyomwona mtoto wake amesimama katikati ya barabara. Lile gumba, kile kidole, vilikuwa pale pale penye ukungu, na hakukuwa na kitu chochote kati ya vidole hivyo na ukungu ule ila hewa. Kijasho chembamba kikamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Alimaliza kuupasua ubao ule kwa sababu haukuweza kuachwa nusu, lakini alipouweka ubao wa pili alijikuta amebana pumzi.

"Chuma, leo umekula nini?" mrandaji akauliza. "Unapasua mbao kama bibi arusi anayekata keki."

"Ubao una fundo," alijibu. Haukuwa na fundo.

Alidhani hofu ile itapita. Haikupita. Kila alivyozidi kulielewa gitaa ndivyo alivyozidi kuuogopa msumeno, na mambo hayo mawili yakamkalia kila upande. Njiani kwenda kazini aliwatazama watu wanaobeba mizigo, wanaofunga milango, wanaokamata vikombe, na macho yake hayakuona watu, yaliona vidole. Mlio wa msumeno, ambao zamani aliuimbia, sasa ulimwingia mgongoni. Bintiye alimkuta asubuhi moja ameketi jikoni amenyoosha mkono mezani, anagusa kidole kimoja baada ya kingine kama anayehakikisha vyote vimerudi.

"Mama, unafanya nini?"

"Naangalia kucha."

"Anayeangalia kucha huwa na uso mzuri. Mbona wako umesinyaa hivyo?"

Akauficha mkono chini ya meza. Mama yake naye alimtazama akiangusha kikombe, akaokota vipande bila kumtania hata kidogo.

Angemwambia nani? Kazini yeye ni Chuma. Kama angesema anaogopa, angeondolewa kwenye mashine siku hiyo hiyo, arudishwe kwenye ufagio, na lile jina ligeuzwe kuwa kichekesho. Tena ulikuwa wakati mbaya. Karakana ilikuwa imepata kazi ya milango ya hospitali mpya, milango mingi, na msimamizi alipita kila saa akisugua mikono na kusema, "Mbao, mbao, mbao, jamani." Kwa hiyo Chuma alipiga moyo konde. Alikaza meno, akasukuma. Na mkono unaosukuma kwa hofu si mkono mmoja, ni miwili: mmoja unakwenda mbele na mwingine unarudi nyuma, ndani ya ngozi ile ile.

Ubao uliomrukia ulikuwa wa mlango wa wodi. Alikuwa ameufikisha nusu. Ghafla ulipinda kidogo ukatoka kwenye njia yake, msumeno ukaubana kwa nyuma, ukalia mlio mbaya, na ubao ukarudi. Haukurudi polepole. Ulipita ubavuni mwake ukachana gauni lake la kazi, ukagonga ukuta wa nyuma na kuvunja tofali. Kama angekuwa amesimama hatua moja kushoto, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Mrandaji alirukia swichi. Msumeno ulizunguka ukipungua, ukipungua, ukanyamaza. Karakana nzima ilikuwa imesimama.

"Chuma! Umelala?" msimamizi alipiga kelele kutoka mlangoni.

Mrandaji hakupiga kelele. Aliushika mkono wa kulia wa Chuma akaunyanyua. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mbona umekunja vidole?"

Chuma akatazama. Vidole vitatu vilikuwa vimelala kiganjani, vimekaza, kama Mzee Koleo alivyovilaza. Alikuwa akiusukuma ubao mzima wa mti mgumu kwa gumba na kidole kimoja, na hakujua. Tangu lini? Siku ngapi amekuwa akifanya hivyo mbele ya meno yale? Hapo ndipo alipopata hofu ya kweli, kwa sababu mpaka saa ile aliogopa msumeno tu, na sasa ilimbidi auogope na mkono wake mwenyewe. Alijifungia chooni akatapika.

Jumapili alilifunga gitaa kwenye shuka akalipeleka kwa mwenyewe.

"Nimekurudishia, babu."

"Limeharibika?"

"Mimi ndiye nimeharibika."

Akamweleza yote, ameketi kwenye kile kiti kifupi, akilia bila kujificha. Alimweleza hofu ya kila asubuhi, na ubao, na tofali lililovunjika. Alipofika kwenye vidole vilivyokunjwa, mzee alimkatiza.

"Vitatu hivi? Ulivikunja kazini?"

"Vilijikunja vyenyewe. Kama ulivyonifundisha."

Uso wa Mzee Koleo ulibadilika. Chuma alikuwa ameuona ule weupe wa midomo kwenye kioo chake mwenyewe wiki zile, akautambua. Mzee alikuwa ameogopa. Aliinuka akaufunga mlango, ingawa ulikuwa mchana mweupe na nje hapakuwa na mtu ila fundi baiskeli aliyekuwa akilitukana tairi.

"Nitakuambia neno," alisema. "Hata mama watoto wangu amekufa bila kulijua."

Ujanani, kabla hajaitwa redioni, Mzee Koleo alikuwa bawabu wa ghala. Kazi yake ilikuwa kukaa langoni na funguo. Dereva mmoja wa lori alimwachia gitaa bovu, akawa anajifundisha pale pale kwenye kigoda, funguo ameziweka chini kando ya mguu. Siku moja tajiri mwenye ghala akapita kwa nyuma, akazichukua kimya kimya, akaenda nazo. Koleo alizitafuta mpaka jua likashuka. Alitambaa, alichimbua mchanga, alimlilia Mungu. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na hakuwa na mbele wala nyuma. Jioni tajiri akaja akazining'iniza mbele ya pua yake, akamwambia, "Siku nikizikuta nje ya mkono wako, usirudi hapa."

"Tangu siku ile sikuziachia," mzee alisema. "Nilizishika kwa hivi vitatu. Nikala nazo. Gitaa nalo sikuweza kuliacha, kwa hiyo nikapiga kwa vilivyobaki. Hata siku niliyoitwa redioni, ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nilikwenda nazo. Fundi mitambo akaniambia, ndugu, kuna kitu kinalia, kiweke chini. Nikamwambia siwezi. Ndiyo maana ule wimbo wa kwanza una mlio wa njuga."

Chuma alifuta machozi. "Ule mlio? Lakini watu wanafunga njuga mkononi ili waupate!"

"Nawaona. Kuna mmoja alifunga visoda vya chupa."

Chuma akacheka, hakuweza kujizuia. "Na ule uzito wa gumba, babu? Ile siri ya ngumi?"

"Uzito gani! Waliona ngumi wakaitungia elimu. Mimi nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi, basi."

Kicheko cha Chuma kikaisha kwa sababu mzee hakucheka naye. "Lakini uliiacha ile kazi zamani," alisema. "Si unaweza kuvikunjua sasa?"

"Funguo nilizirudisha. Ghala lenyewe lilibomolewa. Vidole ndivyo havijaambiwa."

Akachukua gitaa, akaweka gumba kwenye uzi mnene, na taratibu akavifungua vile vitatu. Chuma aliona jinsi vilivyofunguka, kwa shida, kama mfuniko ulioshika kutu. Vilipobaki wazi vilianza kutetemeka. Mtetemeko ukapanda kiganjani, ukalifikia gumba, gumba likaukosa uzi. Mzee akavikunja tena, na mkono ukatulia papo hapo.

"Unaona?" alisema. "Wao wanaita mtindo."

Chuma aliogopa kuutazama mkono ule, na hakuweza kuacha kuutazama. Alikuwa amedhani hofu ukiificha itachoka yenyewe. Kumbe ukiificha inapata mahali pa kukaa, inakaa mpaka inakuwa umbo lako, na watu wanakuja kujifunza kwako namna ya kuibeba.

"Unajua nilichokihitaji?" mzee aliuliza. "Kamba. Kipande cha kamba kiunoni. Ningemwambia yule tajiri, bwana mkubwa, naogopa kuzipoteza hizi, niruhusu nizifunge kiunoni. Angekataa? Hata mbwa wake alikuwa na kamba. Lakini kusema naogopa, mdomo ulikataa." Akamtazama. "Wewe kazini umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, babu? Mimi ni Chuma."

"Eeh," alisema mzee. "Na mimi ni Koleo."

Jumatatu Chuma alikwenda kazini roho mkononi. Alivaa gauni la kazi alilolishona pale lilipochanika, akasimama mbele ya meza ya msumeno, akashika ubao. Msimamizi alikuwa akipita na wimbo wake wa mbao, mbao. Mrandaji alikuwa anapuliza vumbi kwenye mashine yake ya randa. Kuuwasha msumeno kungekuwa rahisi kuliko kusema, na alijua hivyo ndivyo Koleo alivyofanya maisha yake yote. Akaurudisha ubao kwenye rundo.

"Bosi," alisema, "naogopa."

Msimamizi alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Naogopa msumeno. Nimeuogopa siku nyingi. Siuwashi mpaka kinga irudi juu yake na mpate kijiti cha kusukumia."

Mmoja wa wapiga msasa alianza kucheka akaishia katikati, maana hakuna aliyemfuata.

"Wewe, Chuma? Leo? Na milango ya watu?"

"Milango itapasuliwa. Vidole havipasuliwi."

"Basi nitaweka mtu mwingine."

"Weka," alisema Chuma, na sauti yake ilitetemeka wazi, akaiacha itetemeke.

Msimamizi akageuka kuwatazama watu wake, na migongo ikaanza kuuma upya. Mrandaji alikuwa ameinamia kiatu chake, akifunga kamba ambazo hazikufunguka. Msimamizi alikuwa mtu wa hasira na mtu wa kiburi, na vyote viwili vikamsukuma. Akavua koti. "Nipisheni. Mashine hii niliiendesha kabla nyinyi hamjaota ndevu." Akaweka ubao, akawasha, akasukuma.

Wote walitazama mkono wake. Chuma aliutazama kuliko wote, kucha zake zimeingia kwenye mkono wa gauni, kwa sababu hofu ya kuuogopea mkono wa mwenzake ilikuwa kali kuliko ya mkono wake. Ubao ulikwenda robo, ukafika nusu. Mkono ulipoukaribia ukungu, ulisita. Ukarudi nyuma kidogo. Msimamizi akauambia uende, na wote waliona akiuambia, na haukwenda. Akazima. Ubao ukabaki umeng'atwa na meno, nusu huku na nusu kule, na jasho likamdondoka juu ya meza.

Akautazama mkono wake.

"Kinga iko wapi?" hatimaye aliuliza, na hakumtazama mtu.

Hakuna aliyejua. Waliitafuta karakana nzima, wakaikuta nyuma ya milango mibovu, paka amezalia ndani. Ikabidi kwanza wamhamishe paka na watoto wake, kazi iliyomgharimu mrandaji mikwaruzo mitatu na matusi mengi, kisha wakaipiga brashi na kuifunga kwa nati. Chuma mwenyewe alichonga kijiti. Akawasha. Akauweka mkono wa kulia juu ya ubao, vidole vyote vitano vimefunguka na kushika, akasukuma.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Msimamizi hakumsalimia mpaka milango ilipokwisha. Watu wa msasa walimwita Chuma Naogopa, na wengine bado wanamwita hivyo. Hofu nayo haikuondoka. Anaamka nayo, anaivalisha gauni la kazi, anakwenda nayo. Lakini asubuhi moja alimsikia mrandaji, mtu mwenye shingo kama gogo, akijisemea mbele ya mashine yake kabla ya kuiwasha, polepole, akidhani yuko peke yake. Alisema neno lile lile.

Jumapili ya wiki ile kinga iliporudishwa, Chuma alirudi kwenye chumba cha nyuma ya duka la baiskeli. Mzee Koleo aliposikia habari ya paka alicheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akakohoa. Akampa gitaa, akaushika mkono wake, akaanza kukikunja kidole cha kwanza kwa mazoea.

"Hapana, babu," Chuma alisema. "Vyangu vibaki wazi."

Alipiga hivyo, mkono wazi. Alipiga vibaya. Gumba lilipotea mara mbili, likarudi. Alipomaliza aliliweka gitaa kwenye mapaja ya mzee, akavuta kile kiti kifupi karibu, akauchukua mkono wa kulia uliokuwa umefunga ngumi.

"Mwanangu, mimi nimezeeka."

"Najua."

Akakifungua kidole cha mwisho, kisha kinachofuata, kisha cha kati. Vilikuwa vya baridi, na kiganja kilichokuwa chini yake kilikuwa cheupe na laini kama cha mtoto, maana hakikuona jua miaka mingi. Mkono ukaanza kutetemeka. Mzee alijaribu kuurudisha, Chuma akauachia ili achague mwenyewe, na mkono ukabaki hewani juu ya nyuzi, wazi, ukitetemeka wote mpaka kwenye kiwiko.

"Naogopa," alisema Mzee Koleo.

"Na mimi naogopa, babu. Piga."

Akapiga. Sauti ilitoka mbovu, kama ya mtu anayeanza. Akapiga tena.